Chati Moja kwa Siku: Zoezi la Siku Thelathini na Funzo Lake kwa Mhudumu wa Afya na Mgonjwa

Tangu mwaka 2021, kila ifikapo Aprili, wapenzi wa takwimu wa mataifa mbalimbali hushiriki zoezi liitwalo #30DayChartChallenge, lililoanzishwa na Cédric Scherer na Dominic Royé. Sharti lake ni jepesi kulitamka na gumu kulitimiza: kuchora chati moja kila siku kwa siku thelathini na kuionyesha hadharani. Hakuna ada, zawadi wala mshindi. Kila siku ina mada yake, na mada hizo zimegawanywa katika makundi matano ya siku sita sita: ulinganisho, mtawanyo, uhusiano, mwenendo wa wakati, na mashaka yaliyomo katika takwimu. Wapo wanaochora kwa programu za kompyuta, na wapo wanaotumia kalamu na karatasi.

Mimi ni daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi, na nilijiunga na zoezi hili kwa sababu ya kosa langu mwenyewe. Katika kikao kimoja cha kujadili vifo vitokanavyo na uzazi, niliwasilisha chati ya nguzo mbili: vifo viwili mwaka uliotangulia, vinne mwaka uliofuata. Juu yake niliandika kuwa vifo vimeongezeka maradufu. Wakunga wa wodi ya wazazi walihojiwa kwa ukali, na mmoja wao aliomba kuhamishwa. Baadaye nilirudi kwenye rejesta, nikakuta kwamba kina mama waliopokewa kwa rufaa, wengi wakiwa katika hali mbaya, walikuwa wameongezeka. Zaidi ya hayo, idadi ndogo kiasi hicho inaweza kupanda au kushuka kwa bahati tu. Kila kifo kilistahili kuchunguzwa kwa makini, lakini chati yangu iliwatwika wakunga lawama kabla ya uchunguzi wowote kufanyika.

Mhimili unaoanzia katikati

Mada za ulinganisho ndizo zilizonifungua macho kwanza. Nilichukua takwimu za tafiti za kitaifa za Tanzania kuhusu watoto wa miezi 6 hadi 59 waliokutwa na malaria kwa kipimo cha haraka: takriban asilimia 14 mwaka 2015–16, asilimia 7 mwaka 2017 na asilimia 8 mwaka 2022. Nilipouanzisha mhimili wa wima kwenye sifuri, msomaji aliona ushukaji mkubwa ukifuatiwa na tofauti ndogo. Nilipouanzisha kwenye 6, nguzo ya mwaka 2022 ikawa na kimo mara mbili ya ile ya mwaka 2017, kana kwamba ugonjwa umeongezeka maradufu. Tarakimu ni zile zile, na hakuna uongo ulioandikwa popote. Hata hivyo, mganga mfawidhi anayeitazama chati ya pili anaweza kuhamisha fedha na watumishi kwa tofauti ya asilimia moja tu. Kwa hiyo, katika chati ya nguzo, jambo la kwanza la kuangalia ni mahali mhimili unapoanzia.

Namba moja na upeo wake

Siku za mwisho huhusu mashaka, na hapo nilikaa muda mrefu zaidi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2010 ulikadiria vifo 454 vitokanavyo na uzazi kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa mwaka 2015–16 ulikadiria vifo 556. Anayetazama namba hizo mbili peke yake atasema hali ilizorota. Lakini makadirio haya hupatikana kwa kuwahoji watu katika kaya zilizochaguliwa kuhusu vifo vya dada zao, na vifo hivyo ni vichache katika sampuli. Ndiyo maana kila kadirio huambatana na upeo, yaani namba ya chini na ya juu ambazo baina yake ukweli unatarajiwa kuwepo. Upeo wa mwaka 2010 ulikuwa 353 hadi 556, na wa mwaka 2015–16 ulikuwa 446 hadi 666.

Nilipochora kila kadirio kwa nukta na upeo wake kwa mstari, mistari hiyo miwili ilipishana kwa sehemu kubwa. Takwimu hizo hazikutosha kuthibitisha kwamba vifo viliongezeka. Utafiti wa mwaka 2022 ulipotoa kadirio la vifo 104, umbali wake na lile la mwaka 2015–16 ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mistari haikufikiana tena. Hapo mchoro unaunga mkono kauli kwamba vifo vimepungua. Chati zote mbili, ile inayozuia hukumu ya haraka na ile inayoiruhusu, zina manufaa sawa.

Chati tulizonazo mikononi

Wahudumu wa afya tulikuwa wachoraji wa kila siku kabla ya zoezi hili kuwepo. Patografu ya mama aliye katika uchungu ni chati. Mwaka 1972, Philpott na Castle, waliofanya kazi katika jiji ambalo leo ni Harare, waliongeza juu yake mstari wa tahadhari na mstari wa hatua, ulio saa nne kulia kwake, ili mkunga aliye mbali na hospitali ajue wakati wa kumpeleka mama mahali penye huduma kubwa zaidi. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya wa huduma ya uchungu, ambao huhesabu hatua ya uchungu mkali kuanzia sentimita 5 badala ya 4. Mistari ya chati huwekwa na watu kwa ushahidi walionao, na ushahidi ukiongezeka, mistari hurekebishwa. Ila patografu inayojazwa baada ya mama kujifungua, ili faili lionekane kamili, haimsaidii yeyote.

Mgonjwa naye anayo chati yake. Mzazi anayesoma kadi ya kliniki ya mtoto aangalie mwelekeo wa mstari, wala si nukta ya mwezi huu pekee. Mtoto ambaye mstari wake umelala au unashuka anahitaji kuchunguzwa, hata kama nukta bado imo ndani ya eneo la kijani. Vivyo hivyo kwa mwenye shinikizo la damu: apime akiwa ameketi na kupumzika kwa dakika tano, aandike tarehe na saa, kisha aweke nukta mbili kwenye karatasi ya miraba, moja ya namba ya juu na nyingine ya namba ya chini. Karatasi hiyo humweleza daktari mengi kuliko kipimo kimoja cha kliniki. Asiache dawa wala kuiongeza kwa sababu ya nukta moja. Lakini kipimo kikiwa juu sana, au kikiambatana na maumivu ya kifua, udhaifu wa upande mmoja wa mwili au kupoteza uwezo wa kuona, aende kituo cha afya mara moja.

Kwa anayetaka kuanza

Si lazima kungoja Aprili, wala kuwa na kompyuta. Tumia takwimu zilizochapishwa kwa umma. Taarifa za wagonjwa wako zisitoke kituoni: Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na katika kijiji kidogo hata nukta isiyo na jina humtambulisha mwenyewe. Chini ya kila chati andika chanzo, mwaka na idadi ya watu waliohesabiwa, kisha mwombe mwenzako akueleze alichokiona kabla hujamweleza ulichokusudia.

Zoezi lilipokwisha, niliichora upya chati ya kile kikao. Niliweka miaka yote iliyokuwa katika rejesta, idadi ya waliojifungua, na waliopokewa kwa rufaa. Niliipeleka kwanza kwa wakunga wa wodi ile, nikawaomba radhi, kisha tukaanza kujadili jinsi kina mama wa rufaa wanavyochelewa njiani.