Usahihi wa Utambuzi wa Maandishi katika Hati za Sheria: Mfano wa Mikataba ya Ardhi, Ukunda

Makala haya yanakusudia kueleza tatizo ambalo kwa kawaida huachiwa mafundi wa kompyuta, ingawa kiini chake ni cha isimu. Hati ya sheria inapopitishwa kwenye skana, kinachopatikana kwanza ni picha tu. Mtu aweza kuisoma, lakini kompyuta haiwezi kutafuta neno ndani yake. Ili picha hiyo igeuke maandishi, programu hulazimika kukisia kila herufi kwa kutazama umbo lake. Kukisia huko ndiko kunakoitwa utambuzi wa maandishi.

Tuchukue mfano wa Ukunda, katika Kaunti ya Kwale. Ardhi ya huko, kutoka barabara ya Likoni hadi Lunga Lunga na kuteremka mpaka ufuko wa Diani, ina thamani kubwa na huzusha mashauri. Rejista za serikali huandikwa kwa Kiingereza. Lakini nyuma ya rejista huweza kuwapo mkataba wa mauzo ulioandikwa kwa Kiswahili, kwa mkono au kwa taipureta, mbele ya wazee au chifu. Mfumo wa Ardhisasa ulizinduliwa jijini Nairobi mwezi Aprili 2021, kwa nia ya kuhamishia kumbukumbu za ardhi kwenye kompyuta. Mikataba ya aina hii nayo, ikifika mahakamani au kwenye masijala, yaelekea kupita njia hiyo hiyo.

Tuseme programu fulani inasoma kwa usahihi wa asilimia 99 ya herufi. Ukurasa wenye herufi 2,000 utakuwa na makosa 20. Katika gazeti hayo si kitu. Katika mkataba wa Kiswahili, kosa moja latosha. Chukua sentensi "Muuzaji amelipwa fedha zote." Ikiwa w imefifia kwa sababu utepe wa taipureta ulikuwa umechakaa, tutasoma "Muuzaji amelipa fedha zote," na stakabadhi ya malipo imepinduka. Vivyo hivyo aliuza na aliuziwa. Vivyo hivyo atauza na hatauza. Sarufi yetu hutia kauli ya kutendwa na ukanushi ndani ya herufi moja au mbili, na hapo ndipo programu zilizoundwa kwa kuzingatia lugha nyingine zinapokosea bila kujijua. Kamusi ya kusahihisha tahajia haisaidii, kwa kuwa maneno yote mawili ni Kiswahili safi.

Kosa linalozaa neno lisilokuwapo ni afadhali, maana hujitangaza lenyewe. Herufi m husomwa mara nyingi kama r na n, hata shamba likawa "sharnba". Muundo wa silabi za Kiswahili haukubali mfuatano huo. Rn yenyewe ni nadra, nayo huonekana katika maneno ya mkopo kama karne. Kanuni chache za fonolojia zaweza kunasa makosa mengi ya namna hii. Lakini kanuni hizo zitumike kwa hadhari katika nchi ya Wadigo. Munda, yaani shamba kwa Kidigo, laweza "kusahihishwa" likawa muda. Na majina ya watu yenye ts, dz au ph yasinyooshwe kwa kipimo cha Kiswahili sanifu. Jina lililonyooshwa ni jina la mtu mwingine.

Tarakimu hazina fonolojia ya kuzilinda. Mkwaju unaotenganisha sehemu za nambari ya kiwanja husomwa kama 1. Nukta ya desimali hufutwa kama uchafu wa karatasi, na hekta 0.45 zikaandikwa 045.

Hati kongwe za pwani zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu ni ngumu zaidi. Nukta moja ndiyo inayotofautisha b na n, nayo programu huweza kuifuta kwa kudhani ni doa. Isitoshe, waandishi wa zamani waliweza kuacha kuandika nazali kabla ya konsonanti, hata shaba na shamba yakafanana. Hapa msomaji mjuzi bado hana badala.

Sheria ya Ushahidi ya Kenya, Sura ya 80, katika kifungu cha 106B, hutaka cheti kuhusu kompyuta iliyotoa rekodi. Cheti hicho huhusu namna rekodi ilivyotolewa. Hakithibitishi kwamba w ilisomwa. Kwa hiyo picha ya hati ya asili ni lazima ihifadhiwe pamoja na maandishi yaliyotambuliwa. Tena, jina lililokosewa halipatikani mtu anapolitafuta, na mnunuzi aweza kudhani kwamba hakuna dai wala zuio juu ya kiwanja.

Kwa maoni ya mwandishi, idara za lugha zina wajibu wa kuwapa mafundi orodha za majina ya pwani, kanuni za silabi, na jozi za vitenzi vinavyotofautiana kwa herufi moja. Baada ya hapo watu wawili wasome kila mmoja peke yake, kisha usomaji wao ulinganishwe. Si lazima wasome ukurasa mzima: majina, tarakimu, na vitenzi vya kuuza, kulipa na kutoa vyatosha kwa kuanzia.