Kijana Mmoja, Mafaili Manne

Kati ya 1995 na 1998, watafiti wakiongozwa na Linda Teplin waliwahoji vijana 1,829 waliokuwa mahabusu ya watoto Chicago, Marekani. Karibu theluthi mbili ya wavulana, na karibu robo tatu ya wasichana, walikutwa na angalau tatizo moja la afya ya akili. Kwa anayeshuku kwamba ni ukaidi tu uliopewa jina la kitabibu: matatizo ya utovu wa nidhamu yalipoondolewa kwenye hesabu, bado zaidi ya nusu walibaki.

Kaskazini mwa Chicago kuna mji wa Milwaukee. Huko kijana wa namna hii alikuwa na faili mahakamani, jingine ustawi wa jamii, jingine kliniki, jingine shuleni. Kila ofisi ilikuwa na bajeti yake, na njia rahisi ya kumaliza ubishi wa nani alipe ilikuwa kumpeleka kijana kituo cha matibabu cha bweni. Wengine walikaa huko bila tarehe ya kutoka.

Mpango wa Wraparound Milwaukee ulioanza mwaka 1995 uligusa fedha kwanza, na kwa maoni yangu hapo ndipo penye siri yake. Pesa za mahakama ya watoto, ustawi wa jamii na Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, zilitiwa mfuko mmoja. Mfuko huohuo ndio unaolipia bweni, kwa hiyo kumwondoa kijana nyumbani hakumhamishii mtu mwingine gharama.

Kila familia hupewa mratibu mwenye familia chache tu mikononi. Yeye si tabibu. Huwakalisha pamoja mzazi, ofisa wa uangalizi, mwalimu, hata shangazi au mchungaji, wakaandika mpango mmoja. Kijana akipatwa na msukosuko usiku, timu ya dharura humfuata nyumbani.

Katika jaribio la awali walichukuliwa vijana 25 waliokuwa bwenini bila mpango wa kutoka. Ndani ya siku 90, 17 walikuwa wamerudi kwao. Hakukuwa na kundi la kulinganisha nalo, na mwanasayansi hawezi kulifumbia macho hilo.

Uingereza walilinganisha, ingawa kwa tiba nyingine inayofuata familia nyumbani. Matokeo ya familia 684, yaliyotolewa 2018, hayakuonyesha kwamba iliushinda utaratibu wa kawaida. Ila kawaida ya huko inajumuisha timu ambazo tangu sheria ya 1998 zimeweka polisi, ustawi wa jamii, afya na elimu chini ya paa moja.