Fahamu: Kwa nini meno ya utotoni huoza?

Kuoza kwa meno ya utotoni ni pale mtoto wa chini ya miaka 6 anapokuwa na jino lililooza, lililozibwa au lililong'olewa kwa kuoza. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kuwa watoto milioni 514 wana meno ya utotoni yaliyooza.

Chanzo

Bakteria hugeuza sukari kuwa asidi inayokula jino. Uji, unaoitwa igikoma jijini Kigali, hauna kosa. Kosa ni sukari, na chupa anayolala nayo mtoto, maana usiku mate hupungua. Alama nyeupe karibu na ufizi, kwenye meno ya mbele ya juu, ndiyo dalili ya mwanzo.

"Si yatang'oka tu?"

Yatang'oka, lakini hushikilia nafasi ya meno ya ukubwani.

Kinga

Mswaki tangu jino la kwanza, na dawa ya meno yenye floridi, mwanzoni kiasi cha punje ya mchele. Ukiona zile alama nyeupe, mpeleke kituo cha afya kabla hajaanza kulia.