Maji Husahau Upesi

Meli mpya huingia dhoruba yake ya kwanza ndani ya kompyuta: saa 3 za mawimbi yasiyolingana, chombo kikienda mrama. Uigaji huo ukichukua usiku kucha, wengi hukimbilia kuomba mashine kubwa zaidi. Mimi huuliza kwanza ni hesabu gani inayorudiwa bure.

Mara nyingi ni ile ya kumbukumbu ya maji. Meli ikiyumba huzalisha mawimbi yake yenyewe, nayo huendelea kuisukuma hata baada ya yumbo lile kupita. Mwaka 1962 W. E. Cummins, wa maabara ya jeshi la majini la Marekani, aliliweka hilo katika mlinganyo: nguvu ya sasa hutegemea mwendo wote uliotangulia. Kwa hatua za sekunde 0.1, saa 3 ni hatua 108,000. Kila hatua ikirejea historia nzima, kompyuta itazidisha takribani mara bilioni 5.8, tena kwa mwendo wa aina moja tu. Lakini maji husahau. Ukikata kumbukumbu kwenye sekunde 30, inabaki milioni 32 hivi. Ila chora kwanza mkunjo wake. Kama pale unapokata haujalala karibu na sifuri, utaingiza nguvu za uongo.

Mkunjo wenyewe hukokotolewa mara moja, kabla ya dhoruba, kwa kuligawa tumbo la meli katika vigae vidogo. Vigae vikiwa maradufu, njia ya kawaida ya kutatua milinganyo yake hudai muda mara 8. Bahati nzuri ubavu wa kushoto na wa kulia hufanana: programu ikiambiwa hivyo, kazi hiyo hushuka hadi robo. Ajabu ni wangapi husahau kuiambia.

Kuna mahali ubahili haufai. Oktoba 1998, katika Pasifiki ya Kaskazini, meli ya makontena APL China iliyumba hadi nyuzi 35 na zaidi, ilhali mawimbi yalitokea omo, si ubavuni. Mamia ya makontena yakaanguka baharini. Omo na tezi za meli za aina hiyo zimetanuka juu, hivyo uwezo wake wa kujisimamisha hupungua kilele cha wimbi kikiwa katikati ya chombo, na huongezeka kilele kikipita. Hesabu inayochukulia maji yametulia kwenye mstari mmoja haioni kitu hapo. Shinikizo la wimbi lazima likokotolewe upya kila hatua, hadi pale maji yalipofikia kweli ubavuni, na muda wa kufanya hivyo ndio ule uliookolewa kwenye kumbukumbu.