Barua Pepe Imepokelewa: Je, Imesomwa?

Tuseme ofisi moja ya Dar es Salaam imempelekea kijana wa Songea barua pepe ya kumwita kwenye usaili. Siku ya usaili kijana haonekani. Karani anatazama kompyuta yake na kukuta kwamba barua ilipokelewa, tena ilifunguliwa saa nne usiku. Papo hapo jina linafutwa. Kumbe usiku huo kijana alikuwa Namtumbo akivuna mahindi, na simu yake aliiacha nyumbani Songea ikichajiwa.

Mashine haikusema uongo. Ushahidi wake ndio uliofahamika vibaya.

Barua pepe hupitia mitambo iitwayo seva, mmoja ukikabidhi kwa mwingine, kwa kanuni zilizotangazwa mwaka 1982 na kurekebishwa baadaye. Seva ya mwisho ikiikubali barua, hujibu kwa namba 250, yaani imeichukua. Jibu hilo ni la posta, si la mwenye sanduku. Baada ya kulitoa, seva yaweza bado kuitupa barua katika fungu la barua taka, ambalo watu wachache hulitazama.

Habari ya kufunguliwa hupatikana kwa hila zaidi. Mtumaji hutia katika barua kiungo cha picha ya nukta moja, isiyoonekana kwa macho, iliyohifadhiwa katika seva yake, na kila mpokeaji hupewa ya kwake. Simu inapokwenda kuichukua picha hiyo, seva huandika tarehe na saa. Kinachohesabiwa, basi, ni kuchukuliwa kwa picha; maneno ya barua hayahusiki kabisa.

Tangu Septemba 2021, programu ya barua ya Apple humwezesha mwenye simu kuchagua ulinzi ambao huzichukua picha zote mapema, hata kama barua haijaguswa. Simu ya kijana wetu ilikuwa ya namna hiyo. Kosa la upande wa pili halizungumzwi sana, ingawa huenda ndilo zito zaidi mahali ambapo bando hununuliwa kwa kubana matumizi: mtu aliyezuia picha zisipakuliwe aweza kuisoma barua yote, hata mara tatu, na daftari la mtumaji likaonyesha kwamba hakuifungua kamwe.

Tena nukta hiyo hupeleleza kimyakimya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, kwa kawaida humtaka anayekusanya taarifa za mtu amjulishe mhusika. Ni wasomaji wangapi waliowahi kuelezwa habari za nukta?

Barua ya rejista hukabidhiwa kwa sahihi ya mpokeaji. Barua pepe haina sahihi ya namna hiyo, ila mpokeaji mwenyewe ajibu. Namba ya simu ya kijana ilikuwamo katika fomu yake ya maombi. Kama karani angepiga, dada yake angeipokea.