Kadi ya CNSS Haitibu Malaria

Swali ni lile lile, na waniulizao ni vibarua wa mashamba ya kakao na wa viwanda, tangu Mutwanga hata Butembo: "Mzee, kadi yangu ya CNSS inapokelewa hospitali gani?" Kadi hiyo, ya hazina ya hifadhi ya jamii ya Kongo, haipokelewi popote kwa homa wala kwa tumbo la kuhara, na laiti waajiri waienezao dhana kwamba inapokelewa wangeisoma sheria waitajayo, tungestarehe sote.

Sheria ya hifadhi ya jamii ya 15 Julai 2016 ina matawi matatu tu: pensheni, posho za familia, na ajali na maradhi yatokanayo na kazi. Katika kila faranga 100 za ujira, 18 huenda CNSS, 5 zikikatwa kwa mfanya kazi na 13 zikitolewa na mwajiri; na katika hizo zote hakuna hata moja iliyotengwa kwa malaria. Kibarua akijikata kwa panga akipogoa mikakao, hilo ni la CNSS, maadam ameandikishwa. Kesho yake akishikwa na homa, hilo si la CNSS tena.

Ni la nani, basi? La mwajiri. Kanuni ya Kazi ya 16 Oktoba 2002 imemtwika dhima ya kumpatia mfanya kazi na familia yake tabibu, dawa na gharama za kulazwa, maadam mkataba ungalipo. Hapo ndipo linapotolewa lile jibu linichoshalo kuliko yote: kwamba huyu ni jurnalie (kibarua wa kutwa) tu, hana mkataba. Hiyo ni hadaa tupu. Sheria iyo hiyo yasema kwamba aliyeajiriwa kwa kutwa, akiisha timiza siku 22 katika muda wa miezi miwili, kisha akachukuliwa tena kabla ya miezi hiyo kwisha, huhesabiwa kuwa ana mkataba usio na kikomo. Makapita, wasimamizi wa vibarua, walijua hilo zamani kuliko mawakili, ndiyo maana katika orodha za malipo utaona jina likifutwa baada ya siku 21, na juma lifuatalo mtu yule yule, kwa jembe lile lile, ameandikwa kwa jina la mdogo wake.

Kibarua aliyefutwa hivyo, akiugua, hufika hospitali na cheti cha umaskini kilichogongwa muhuri na chifu, na deni likabaki kwa hospitali, au yeye mwenyewe akazuiliwa wodini hata jamaa wauze mbuzi. Mzigo wa mwajiri kubebwa na wengine si jambo la hapa tu: Marekani nako, taarifa ya wakaguzi wa Bunge ya Oktoba 2020 iliwataja Walmart na McDonald's miongoni mwa waajiri wakubwa wa watu wanaotibiwa kwa Medicaid, bima ya serikali kwa maskini. Lakini huko, angalau, ipo hazina inayolipa. Hapa kwetu, matibabu ya bure ya siku za Ebola, 2018 hadi 2020, yaliwazoeza wengi kudhani kwamba serikali hulipa daima, na uzazi wa bure uliozinduliwa Kinshasa Septemba 2023 umeizidisha dhana hiyo, ilhali huo ni wa mama na mtoto mchanga, wala si wa homa ya matumbo ya mpalilia kakao.

La kufanya ni hili: andika siku zako mwenyewe katika daftari, na mwenzako ashuhudie; mdai mwajiri bon (hati) ya matibabu kabla ya kwenda hospitali, na ukinyimwa, tunza risiti zote; mwone mjumbe wa sendika (chama cha wafanya kazi), kisha mkaguzi wa kazi, kwa kuwa mahakama haikupokei kabla hajajaribu kuwapatanisha. Asiye na mwajiri na ajiunge na mituele za afya, yaani vyama vya kuchangiana matibabu, vilivyowekewa sheria Februari 2017. Wala msikawie, kwani madai ya mkataba wa kazi hufa baada ya miaka 3, na ya mshahara baada ya mwaka 1.