MAMA ALIYEONA DIVAI IMEKWISHA

Mwanachama mwenzangu, hebu nikuulize: ukimwita mamako "wewe mwanamke" hapa Katangi, utalala wapi usiku huo? Swali hili lilizua zogo darasani muhula uliopita tuliposoma habari ya arusi ya Kana, Injili ya Yohana, sura ya pili. Mwenzetu mmoja alishikilia kwamba Yesu alimkosea mamake adabu. Mimi nilinyamaza tu, kwani sikuwa na jibu. Baadaye nilichunguza.

Neno la Kigiriki lililoandikwa pale ni "mwanamke" kweli, lakini halikuwa tusi. Yesu alilitumia tena msalabani alipomkabidhi mamake kwa mwanafunzi aliyempenda, na saa kama hiyo nani hutukana? Ndiyo maana Biblia ya Kiswahili husema "Mama". Hata hivyo tusifichane, jibu lenyewe lilikuwa gumu: saa yake ilikuwa haijafika.

Sasa mtazame mama. Hakuomba muujiza, alisema tu kwamba divai imekwisha. Aliyewahi kusaidia jikoni siku ya arusi anaelewa. Mwaka jana kwa binamu yangu, wali ulianza kwisha na wageni wa upande wa bibi arusi hawajala. Mamangu ndiye aliyeona, maana alikuwa penye masufuria. Hakupiga kelele. Alimnong'oneza mjomba, pikipiki ikatumwa sokoni mbio. Bwana arusi hajui mpaka leo! Lakini aibu ile, jamani, ingesimuliwa miaka.

Basi baada ya jibu lile gumu, mamake Yesu hakubishana wala hakununa. Aliwageukia watumishi, akawaagiza wafanye lolote watakaloambiwa. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye kazi yake hasa, na wengi hupapita haraka. Palikuwa na mabalasi sita ya mawe, ya maji ya kutawadhia kwa desturi ya Wayahudi. Kila moja lilichukua kama lita 80 hadi 120. Piga hesabu: ni lita 480 hadi 720. Punda wetu hubeba mitungi minne ya lita 20, kwa hiyo ni safari sita hadi tisa za mtoni. Mimi ninayemswaga punda huyo kila Jumamosi najua maana yake. Nao watumishi wakajaza hadi juu bila kuambiwa sababu! Kama mama hangewatayarisha, sidhani wangekubali.

Mkuu wa karamu alionja, asijue divai imetoka wapi. Watumishi walijua.

Yohana anaiita hiyo ishara ya kwanza ya Yesu, ndipo wanafunzi wake wakamwamini. Injili nyingine tatu hazina habari hii. Ajabu ni kwamba katika kitabu chake chote Yohana hamtaji Mariamu kwa jina; husema tu "mamake Yesu". Hata sokoni kwetu wengi hawajui jina la mamangu. Wanamwita kwa langu.